Bastola ya Zamani ya .22 ya Shabaha: Kuinunua, Kuipiga na Kuisafisha

Mwongozo huu ni kwa Mswahili anayeishi Marekani na anayetaka kuingia kwenye mchezo wa kulenga shabaha bila kumaliza mshahara. Nitatumia mfano mmoja tu, Ruger Mark I Target, maana ndiyo utakayoikuta mara kwa mara kwenye kabati za maduka ya silaha zilizotumika, na ndiyo iliyowatesa watu wengi zaidi siku ya kuirudishia vipande vyake baada ya kuifungua. Ukishaielewa hii, nyingine za rika lake kama High Standard na Colt Woodsman hazitakutisha, ila kila moja ina kitabu chake cha maelekezo na lazima ukisome.

Kwanza ujue unanunua nini. Mwaka 1949 William B. Ruger na mwenzake Alexander Sturm, kwa mtaji wa dola 50,000, walianza kuuza bastola ya .22 (namba hiyo ni upana wa risasi kwa inchi) kutoka Southport, jimbo la Connecticut. Bei yake ilikuwa dola 37.50. Mwaka 1951 likaja toleo la shabaha, Mark I Target, lenye mtutu wa inchi 6⅞ (kama sentimita 17.5) na kilengeo cha nyuma kinachorekebishika. Mwaka huohuo Sturm akafariki akiwa bado kijana, na nembo ya tai kwenye mshiko, iliyokuwa nyekundu, ikabadilishwa kuwa nyeusi. Mark II ilichukua nafasi mwaka 1982. Tofauti ambayo mpigaji ataihisi ni kwamba magazini ya Mark I hubeba risasi 9 na bolti (kile chuma kinachoteleza nyuma kutoa ganda na mbele kuingiza risasi) hujifunga mbele risasi zikiisha, wakati Mark II hubeba 10 na bolti hubaki nyuma baada ya risasi ya mwisho. Kwa hiyo ukiwa na Mark I, usitegemee bastola ikuambie kuwa imeisha. Hesabu mwenyewe, kisha hakikisha kwa macho.

Sheria kabla ya pesa

Ukinunua dukani utajaza Fomu 4473 ya shirika la serikali kuu la ATF, na muuzaji atapeleka jina lako likaguliwe. Kwa bastola, duka lenye leseni haliwezi kukuuzia kabla hujafikisha miaka 21. Mwenye green card anaruhusiwa na sheria ya serikali kuu. Aliyeingia kwa viza ya muda, kama ya masomo au matembezi, kwa kawaida haruhusiwi hata kuishika silaha, isipokuwa kwa vighairi vichache kama kuwa na leseni halali ya kuwinda. Usibahatishe hapa. Muulize wakili wa uhamiaji kabla hujaingia dukani, kwa sababu jibu la uongo kwenye fomu ile ni kosa la jinai na linaweza kuharibu makaratasi yako yote.

Kuna jambo ambalo watu wetu hawaambiwi. Fomu inauliza kama unatumia dawa zinazodhibitiwa kinyume cha sheria. Bangi imo hata kama jimbo lako limeihalalisha. Miraa pia ina kathinoni, ambayo serikali kuu imeiweka kwenye daraja la kwanza la dawa zilizopigwa marufuku. Anayetafuna miraa jioni na wenzake akidhani ni mazoea ya nyumbani tu, aisome ile fomu vizuri.

Majimbo nayo yana yao. Illinois inataka kadi ya FOID, yaani kibali cha jimbo cha kumiliki silaha, California inakusubirisha siku 10. Ukiiona bastola nzuri inauzwa jimbo jingine, hairuhusiwi kuibeba tu na kuja nayo. Itatumwa kwenye duka lenye leseni katika jimbo lako na utaichukulia hapo. Kumbuka pia kwamba kwenye Ruger hizi namba ya usajili iko kwenye sehemu ya juu, lile bomba lililounganishwa na mtutu. Kisheria, kununua kipande hicho peke yake ni kununua bastola. Namba ikiwa imekwanguliwa au kusagwa, iache mezani na uondoke.

Kuikagua dukani

Bastola ya miaka 50 au 60 haiogopeshi kwa umri wake. Chuma hiki hakichakai upesi kwa risasi ndogo za .22. Kinachoiharibu ni mikono iliyolazimisha: bisibisi isiyotosha, nyundo ya chuma, fimbo ya kusafishia iliyosuguliwa ovyo. Kwa hiyo wakati wa kukagua, tafuta alama za mikono hiyo.

Omba ruhusa, toa magazini, vuta bolti nyuma, tazama ndani ya chemba (mahali risasi inapokaa kabla ya kufyatuliwa) kisha ingiza ncha ya kidole uhakikishe ni tupu. Komeo la magazini liko chini kabisa, kwenye kisigino cha mshiko. Baada ya hapo:

1. Tazama mdomo wa mtutu chini ya mwanga. Ukingo wake uwe mviringo safi, bila kidonda. Kidonda kidogo upande mmoja kinasukuma risasi pembeni, na hakuna urekebishaji wa kilengeo utakaokiponya.

2. Mulika ndani ya mtutu kwa tochi ndogo. Mifuo, ile mistari iliyochongwa ndani ili kuizungusha risasi, ionekane ikizunguka hadi mwisho. Ukiona pete nyeusi mahali pamoja, huenda risasi iliwahi kukwama na nyingine ikapigwa nyuma yake, na mtutu umevimba hapo. Usiinunue.

3. Angalia ukingo wa chemba, pale pini ya kufyatulia inapogonga. Risasi hizi hazina kiberiti katikati ya kitako kama zile kubwa. Baruti ya kuwashia imefichwa ndani ya ukingo wa ganda, na pini hubana ukingo huo dhidi ya chuma cha chemba. Bastola ikifyatuliwa tupu huku pini ikifika kwenye chuma, inaacha kovu. Pitisha ukucha. Ukikwaruzwa na kijinundu kinachoingia ndani ya chemba, maganda yatakuwa yakikwama. Fundi anaweza kukisawazisha, lakini punguza bei.

4. Ikoki (vuta bolti nyuma na uiachie), weka sefti, yaani kile kitufe cha usalama, vuta triga. Nyundo ya ndani isianguke. Achia triga, ondoa sefti bila kugusa triga. Isianguke pia. Ikianguka, hiyo bastola ina ugonjwa na si ya mtu anayejifunza.

5. Tazama midomo ya magazini. Ikiwa imepinda au imepasuka, risasi zitaingia zikiwa zimeinama. Magazini za Mark I na Mark II zinafanana sana lakini kitufe cha kusukumia risasi hukaa upande tofauti, kwa hiyo usinunue ya ziada kwa kuangalia umbo tu.

Rangi iliyofifia mimi siijali. Mtutu mzuri wenye mikwaruzo ya nje una thamani kuliko bastola inayong'aa iliyopakwa rangi upya ili kufunika kutu.

Ukifika nayo nyumbani, pakua kitabu chake kwenye tovuti ya Ruger. Ni bure, hata kwa matoleo yaliyoacha kutengenezwa zamani, na kwenye tovuti hiyohiyo unaweza kutafuta mwaka wa bastola yako kwa namba yake.

Risasi

Kwenye mtutu pameandikwa .22 LR. Tumia hizo tu. Kwa shabaha nunua za mwendo wa kawaida, zile zisizopita kasi ya sauti. CCI Standard Velocity kwa mfano ina risasi ya greni 40 (kama gramu 2.6) inayotoka kwa futi 1,070 kwa sekunde, kama mita 326. Ruger inavumilia pia zile za kasi, lakini kwenye karatasi hazikuongezei kitu, na bolti inagonga kwa nguvu zaidi bila sababu. Kwenye High Standard nyingi za zamani na Colt Woodsman za mwanzo, risasi za kasi si suala la upendeleo. Bastola hizo hazikutengenezewa nguvu hiyo na zinaweza kuvunjika.

Nunua boksi mojamoja la aina tatu au nne, upige kila aina ukiwa umeegemeza mkono, uone ipi inaweka matundu karibu. Kila mtutu una risasi unayoipenda, na huwezi kuijua kwa kuuliza watu. Ukibadilisha aina, piga magazini moja kabla hujaanza kuhukumu.

Uwanjani

Miwani ya kinga na vizibo vya masikio huvaliwa kabla ya kuingia, hata kama .22 inasikika ndogo. Mdomo wa mtutu uelekee mbele muda wote. Kidole kikae nje ya triga hadi vilengeo viwe kwenye shabaha. Mtu akiwa mbele ya mstari wa kupigia, silaha zote ziko mezani, bolti zimefunguliwa, na hakuna anayegusa chochote. Mark I haishiki bolti yenyewe, hivyo ivute nyuma na uisukumie sefti juu, itabaki wazi.

Mashindano ambayo bastola hii ilizaliwa kwa ajili yake huitwa bullseye. Hupigwa kwa mkono mmoja, umesimama. Risasi 10 za taratibu kwa dakika 10 kutoka yadi 50 (kama mita 46), kisha unasogea yadi 25: risasi 5 kwa sekunde 20, mara mbili, halafu risasi 5 kwa sekunde 10, mara mbili. Jumla alama 300. Kila kiangazi watu hukutana Camp Perry, ufukweni mwa ziwa Erie huko Ohio, ambako mashindano ya kitaifa yamefanyika tangu 1907. Huhitaji kufika huko mwaka wa kwanza. Klabu nyingi zina ligi ya .22 ya majira ya baridi, na kwa mgeni asiyejua mtu mjini ni mahali pazuri pa kujuana na wazee wenye subira ya kufundisha.

Anza karibu, mita 10 hivi, kwa mikono miwili ukipenda. Ukihamia mkono mmoja, fanya hivi:

Simama ukiwa umegeuka nusu upande, miguu iachane upana wa mabega, mkono usiopiga uuingize mfukoni au kwenye mkanda ili usining'inie ukakuyumbisha. Funga macho, inua bastola, fumbua. Ikiwa imeelekea kushoto au kulia kwa shabaha, usiivute kwa mkono. Sogeza mguu wa nyuma hadi mwili wenyewe uelekee pale. Hatua hii wengi huiruka, na ndiyo inayoamua kama risasi ya kumi itafuata ya kwanza.

Shika mshiko kwa kukaza kidole cha kati na cha pete, huku kidole gumba kikiwa kimelegea. Jicho litazame kilengeo cha mbele. Kilengeo cha mbele kiwe kikali, kile cha nyuma kififie kidogo, na duara jeusi la karatasi liwe na ukungu. Hapo ndipo mafunzo yote yanapokaa. Jicho linapenda kukimbilia shabaha kuona tundu limeingia wapi, na kila likikimbia kilengeo kinahama bila wewe kujua. Kosa la milimita moja kwenye vilengeo, kwa bastola hii, ni karibu sentimita 10 kwa yadi 25. Shabaha ikiwa na ukungu, huna ulichopoteza.

Mkono utatetemeka, na hakuna mpigaji asiyetetemeka. Ukubali mtetemo ule, uuache ucheze ndani ya jeusi, na wakati huo uendelee kuongeza uzito kwenye triga polepole, moja kwa moja kuja nyuma, bila kusubiri sekunde ambayo picha itakuwa kamili. Anayesubiri sekunde hiyo huidaka triga ghafla, na risasi inaanguka chini kushoto kama anatumia mkono wa kulia. Sekunde nane au kumi zikipita bila risasi kutoka, shusha mkono, pumua, uanze tena. Dakika 10 ni nyingi.

Kanuni za mashindano zinataka triga ya .22 ihimili angalau ratili 2, karibu gramu 900, kwa hiyo usimpe fundi ailegeze chini ya hapo. Mimi ningeiacha kama ilivyo mwaka mzima kwanza.

Mambo mawili yakitokea, simama. Ukivuta triga na risasi isilie, iache bastola ikielekea mbele kwa sekunde 30 kabla ya kufungua, kwa sababu baruti inaweza kuchelewa. Na ukisikia mlio mdogo usio wa kawaida, pufu badala ya pa, usipige nyingine. Ondoa magazini, fungua, hakikisha chemba ni tupu, kisha angalia kama risasi imebaki ndani ya mtutu. Ile pete nyeusi niliyoitaja dukani huanzia hapa.

Kabla ya kula au kuvuta sigara, nawa mikono kwa sabuni na maji baridi. Vumbi la risasi za .22 lina sumu ya madini ya risasi, kutoka kwenye baruti ya kuwashia na kwenye kipande chenyewe cha risasi. Nguo za uwanjani zifuliwe peke yake, viatu vibaki mlangoni, hasa nyumba ikiwa na watoto wanaotambaa.

Kusafisha kila ukirudi

Kwanza hamisha risasi zote chumba kingine. Hakikisha chemba ni tupu kwa macho na kwa kidole.

Risasi za .22 hupakwa nta au mafuta, na masizi yake hunata. Yanajikusanya sehemu mbili zinazoleta shida: pete ndani ya chemba, na chini ya kucha inayovuta ganda. Chovya mswaki wa zamani kwenye dawa ya kusafishia bunduki, sugua uso wa bolti, kisha chokonoa chini ya kucha kwa kijiti cha meno. Kitatoka kitu cheusi kama ugoro uliolowa. Kikiachwa hapo, kucha haishiki ukingo sawasawa na maganda yanaanza kubaki ndani. Chemba isugue kwa brashi ya shaba mizunguko michache, upanguse. Futa nje, weka tone moja la mafuta kwenye kila upande wa bolti, basi. Mafuta mengi yanakusanya masizi zaidi.

Mtutu wenyewe uache. Nasema hivi kwa dhati: mitutu ya .22 iliyoharibiwa na fimbo ni mingi kuliko iliyochakazwa na risasi. Vuta kamba yenye kitambaa kutoka chemba kwenda mdomoni mara moja au mbili, na usafishe kwa dawa pale tu matundu kwenye karatasi yanapoanza kutawanyika.

Kuifungua yote

Fanya hivi mara chache kwa mwaka. Tandika taulo lenye rangi nyepesi.

1. Magazini nje, chemba imekaguliwa. Rudisha bolti mbele, elekeza mahali salama, vuta triga ili nyundo ya ndani ilale mbele. Ikibaki imekokiwa hutaweza kuifungua.

2. Nyuma ya mshiko kuna komeo jembamba. Lifungue kwa ncha ya bisibisi ndogo, vuta nyumba ya springi (kile kipande cha nyuma ya mshiko kinachobeba springi ya nyundo) kwa nje, kisha ishushe chini. Itatoka pamoja na pini ndefu inayopenya bolti kutoka chini na kutokeza juu.

3. Inua mdomo wa mtutu juu, bolti itateleza itoke nyuma. Ishike isianguke. Ndani yake kuna pini ndogo ya kukingama inayoizuia pini ya kufyatulia isifike kwenye chuma cha chemba. Hakikisha ipo. Ikipotea na ukafyatua tupu, utajitengenezea lile kovu.

4. Sehemu ya juu husukumwa mbele itoke kwenye mshiko. Kama imekaza, gonga nyuma yake kwa nyundo ya mpira, taratibu. Sasa fimbo inaweza kuingia kutokea nyuma, bila kugusa mdomo wa mtutu.

Kurudishia ndiko kunakotoa watu jasho. Rudisha sehemu ya juu hadi ikae sawa na matundu yalingane. Shusha nyundo ya ndani ili bolti ipite, ingiza bolti. Kisha elekeza mtutu chini, vuta triga, nyundo ianguke mbele iegemee bolti. Pitisha pini ndefu kutoka chini hadi itokeze kidogo juu. Kabla ya kufunga nyumba ya springi, tazama ndani: kuna kijiti kinachoning'inia kutoka kwenye nyundo. Ncha yake lazima iangukie kwenye kikombe kidogo kilicho juu ya springi. Inua mtutu kidogo, kijiti kitaning'inia kuelekea nyuma, kiongoze kwa kijiti cha meno ikibidi. Funga nyumba pole pole. Utahisi springi ikianza kusukuma dakika ya mwisho, ndipo ufunge komeo.

Jaribu kuvuta bolti. Ikienda hadi nyuma, umefaulu. Ikigoma njiani, kijiti kimekwama pembeni. Usivute kwa nguvu, usigonge. Fungua komeo, shusha nyumba, elekeza mtutu chini, rudia kutoka pale nyundo inapoegemea bolti. Ukishakagua mwendo wa bolti na sefti, umemaliza.

Kuihifadhi

Kwenye kasha la chuma lenye kufuli, risasi kwenye kasha jingine lenye ufunguo wake. Usiiweke ndani ya mfuko wa ngozi, maana ngozi hushika unyevu na kuleta kutu. Pangusa kwa kitambaa chenye mafuta kidogo, ukiwa umefuta alama za vidole, na uitazame kila mwezi wakati wa kiangazi.

Na begi lako la uwanjani libaki la uwanjani. Usilitumie kusafiria kwenda nyumbani, hata ukiwa umelikung'uta. Risasi moja ya .22 hujificha kwenye mshono wa mfuko, na ikionekana kwenye mashine ya ukaguzi Nairobi au Dar es Salaam, ni kesi ya kumiliki risasi bila kibali, na likizo yako itaishia kituo cha polisi.